Stering Alipitia kwa Mamake

Miaka ya themanini, nilipokuwa fundi cherehani Laini Saba, Kibera, nilikuwa na kazi ya pili isiyo na mshahara: kumsimulia mwenye nyumba wangu filamu. Alikuwa mama wa Kinubi, hatoki sana, na kila Jumapili jioni alinipa chai na zile chapati zao nyembamba, gurusa, ili nimwage yote niliyoyaona.

Nilipomaliza sehemu ya pili ya filamu moja ya vita, aliuliza jambo moja tu.

"Na stering alipitia kwa mamake?"

Stering ndiye shujaa, na Kibera nzima ilijua hafi. Lakini kupitia kwa mamake, wapi! Katika kanda ile aliondoka mjini, mara tunamwona msituni, mkono umefungwa leso, na hakuna aliyejua leso imetoka wapi. Nikamwonea mama huruma. Mwanawe wa pekee alikuwa Mombasa kwa mjomba wake, mwaka wa tatu bila barua.

"Alipitia," nikasema. "Akambusu mkono, akala akashiba."

Akafurahi mpaka nikaona haya.

Balaa ikaja na kanda ndefu. Mwenye chumba cha video alibandika karatasi mlangoni: sehemu ya pili ya filamu ileile, yote, haijakatwa. Mama akasema hiyo ataiona kwa macho yake. Jumapili mchana nikamsindikiza, roho juu juu.

Kumbe stering alipitia kweli! Ila mamake, waliyegombana naye sehemu ya kwanza, hakumfungulia. Alimfokea dirishani, naye akakaa kizingitini, mkono unavuja damu. Vijana wakaanza kunung'unika, wanataka risasi. Mama mwenye nyumba akasimama.

"Fungua, we mama! Mtoto ataoza mkono!"

Chumba kizima kikamwitikia: fungua, fungua! Mwishowe yule mama akafungua, akavua leso kichwani, akamfunga mkono. Pigano la mwisho nilikuwa nimeshaliona mara tatu, lakini siku hiyo ndipo liliponitoa machozi.

Njiani nikaanza kuomba msamaha kwa uongo wangu. Hakunisikiliza.

"Yule mama amekawia sana," akasema.

Tulipofika aliniambia nilete kalamu na karatasi. Siku zote hizo nilidhani mkaidi ni mwanawe wa Mombasa.

"Andika: mimi ndiye nilikufukuza. Sasa mimi ndiye nakuita."

Nikaandika upesi, kabla hajageuza nia.