Mama Saa na Gitaa Lililokufa Ganzi

Kabla ya Jumamosi ile, Mama Saa hakuwahi kugusa gitaa hata kwa bahati mbaya. Kazi yake ilikuwa saa za mkononi: kuzifungua, kuzisafisha, kuzirudishia uhai. Alifundishwa na baba yake mzazi, akarithi kibanda chake chenye upana wa hatua tatu, kati ya duka la viatu na mahali pa kutoa fotokopi. Watu walimpachika jina la Mama Saa, hata wale waliomzidi umri. Lakini siku hizi kila mtu anatazama saa kwenye simu. Kuna siku alikuwa akifungua saa isiyo na ubovu wowote, anaifunga tena, ili tu mikono isisahau.

Basi Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, shemeji yake akaingia mbiombio, amekumbatia gitaa la umeme kifuani kama mtoto mwenye homa. Huyu alikuwa mdogo wa mume wake, mpiga gitaa wa bendi, mtu wa mikogo na miwani myeusi. Siku hiyo hata miwani aliisahau.

"Shem, niokoe! Pikapu imekufa!"

"Sasa mimi na magari wapi na wapi? Ipeleke gereji."

"Siyo gari, shem! Pikapu ya gitaa. Hii hapa." Akaonyesha kipande cheusi, kirefu kama kidole, kilichokaa chini ya nyuzi. "Hii ndiyo inayonasa sauti ya nyuzi na kuipeleka kwenye spika. Tangu jana haisemi kitu. Saa tisa tunapiga ukumbini, na mimi ndiye wa kufungua!"

"Si uazime jingine?"

"Leo Jumamosi, kila mwenye gitaa anapiga. Fundi redio ameifungua, akaifunga hapohapo. Anasema waya wa ndani ni mwembamba kuliko unywele, mkono wake hauuwezi. Kaniambia, nenda kwa mtu wa saa."

Mama Saa alitaka kukataa. Midomo ilishajiandaa kusema hapana. Lakini waya mwembamba kuliko unywele! Vidole vilianza kumwasha. Akavuta kiti, akabandika lenzi jichoni, akasema, "Lete hapa. Na usinipumulie."

Alipoifungua ile pikapu, akashusha pumzi. Ndani kulikuwa na sumaku, na kuizunguka sumaku ulikuwa umezungushwa waya wa shaba, maelfu ya mizunguko, umelala vizuri unang'aa kama hariri. Akagusisha mita ya kupimia umeme kwenye ncha mbili za waya. Mshale haukutikisika. Waya ulikuwa umekatika mahali fulani.

Akaugeuzageuza chini ya taa. Dakika kumi, ishirini. Shemeji mtu akawa anatembea hatua tatu kwenda, hatua tatu kurudi.

"Kaa chini, unanitingishia meza!"

Hapo ndipo akauona. Pembeni kabisa, pale mzunguko wa mwisho ulipounganishwa na waya mnene wa kutokea nje, palikuwa na kidoa cha kijani. Jasho la mkono wa mpigaji lilikuwa limepenya humo miaka nenda miaka rudi, likaila shaba mpaka ikakatika.

"Nimeuona!" akapiga kelele, hata muuza viatu akachungulia. "Shemeji, jasho lako ndilo lililoliua gitaa lako!"

Kazi sasa ilikuwa kuikamata ncha iliyobaki. Alipoinyanyua kwa kibano, feni ikaipeperusha, ikapotea. Ikapotea kabisa! Akaikodolea macho ile koili yote, ule msokoto mzima wa waya, asione popote ilipoanzia.

"Zima feni! Funga mlango!"

Joto likawavaa. Mama Saa akatandika kitambaa cheusi mezani, akaiweka pikapu juu yake, akasogeza taa upande mmoja. Akaupitisha ukucha pembeni ya koili taratibu. Mara kitu chekundu kikametameta juu ya weusi. Akakibana. Safari hii akakigandisha kwa tone la nta, kisha akafumua mizunguko mitatu ili apate urefu wa kuungia.

Akagusisha mita. Mshale kimya.

"Tumekwisha," shemeji akanong'ona.

"Wewe ndiye uliyekwisha. Mimi bado." Alikuwa amekumbuka kwamba waya kama huo huvikwa utando wa kuzuia umeme. Akachukua msasa laini kuukwangua. Waya ukakatika, pu! Akafumua mzunguko mwingine. Sasa akaacha msasa, akaigusa ncha kwa chuma cha kulehemia kilichochongoka kama kalamu. Utando ukaungua, moshi kidogo ukapanda. Akagusisha mita.

Mshale ukaruka!

"Weee!" Mama Saa akashtuka mwenyewe. Shemeji akaruka mpaka akagonga kichwa kwenye rafu, saa mbili za ukutani zikaanguka, na wala hakuna aliyejali.

Ilibaki kulehemu. Akabana pumzi, akadondosha tone la risasi ya kulehemia, dogo kama kichwa cha siafu, akauunga waya ule mwembamba na waya mnene. Akaviringisha utepe juu yake, akafunga kila kitu mahali kilipokuwa. Kwenye begi lake la mgongoni shemeji alikuwa na spika ndogo ya mazoezi. Wakachomeka. Mama Saa akagonga pikapu kwa bisibisi.

Tok!

Walikumbatiana, jambo ambalo hawakuwa wamewahi kulifanya tangu awe shemeji yake.

Saa tisa Mama Saa alikuwa ukumbini, amesimama karibu na spika kubwa, mafuta ya lehemu bado kwenye vidole. Shemeji alipopiga noti ya kwanza, sauti ikatoka safi, ikajaa ukumbi mzima. Watu wakapiga vifijo. Mama Saa akamshika mkono mwanamke asiyemjua, akamwambia sikioni, "Unasikia hiyo? Hiyo imepita kwenye waya wangu!" Mwanamke akacheka, akamvuta kwenda kucheza, na Mama Saa akacheza mpaka kiatu kimoja kikakatika ukanda.

Jumatatu mume wake alimkuta kibandani amefunga pikapu nyingine, mbovu ya zamani, kwenye gurudumu la cherehani. Alikuwa ameifumua yote, anaizungushia waya mpya, midomo ikienda kimyakimya.

"Habari za kazi, mke wangu?"

"Elfu mbili mia moja arobaini na... Ah, baba watoto! Umenipotezea hesabu!"

"Inahitaji mizunguko mingapi?"

"Kama elfu nane."

Mume akavua kofia, akavuta kibao, akaketi kando yake. "Basi fumua, uanze upya. Wewe zungusha, mimi nitahesabu."