Mnyonyaji Niliyemfuga Kwenye Kopo

Heri niseme mwenyewe kabla Sumbawanga nzima haijawasimulia. Mimi ndiye bwana shamba wa kijiji kimoja cha ujamaa huku Mollo, kijana wa Mbeya, mwenye cheti na maneno mengi.

Viwavi wenye vishungi vya manyoya mgongoni, kama burashi, walikuwa wanamaliza miche ya kijiji. Nikafuga wawili kwenye kopo, wakasuka vifuko vyao. Kimoja kilitoa nondo wa kahawia mwenye mabawa mazuri. Juu ya kingine nikakuta mdudu mnene asiye na mabawa, amekaa tu. Nikaamua kwamba hawa si ndugu: huyu mnene ni wa jamii nyingine, amemla nondo wangu wa pili na kukalia nyumba yake.

Kwenye mkutano wa kijiji, mkubwa wangu wa wilayani akiwepo, nikamweka yule mdudu mnene mezani juani.

"Ndugu wananchi, mtazameni mnyonyaji! Haruki, hatembei, amenenepa kwa jasho la wenzake!"

Makofi yakalia. Mkubwa wangu akatabasamu.

Mara nondo wa kahawia wakaanza kuja kutoka kwenye miche, wakimzunguka yule mnene. Mmoja akatua, wakaungana mkia kwa mkia, mbele ya padri na watoto wa shule. Nikawapunga kwa kofia. Hawakuachana.

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akajifunika mdomo kwa khanga.

"Mwache, mwanangu," akasema taratibu. "Huyo ni mke wa mtu."