Mkono wa Mke Wangu Kwenye Skrini

Kabla ya safari nilijifunza besiboli mezani kwangu, nyumbani Mabela, Maskati, kama nilivyojifunza karibu kila kitu: peke yangu, kwa kusoma na kurudia. Shule niliiacha mapema. Kiingereza nilikipata kwenye vitabu vilivyokwishatumiwa na wengine, na hesabu za umeme kwenye vijitabu vya mafundi, na kwa hayo mawili nikafanya kazi serikalini mpaka nikastaafu. Sipendi kuingia mahali nisipojua sheria zake. Kwa hiyo binti yetu anayefanya kazi Marekani alipotuambia kwamba tukienda kumtazama atatupeleka kwenye uwanja mkubwa, wa ligi ya juu kabisa, nilianza kusoma. Nikajua mrushaji anaruhusiwa nini, mpigaji hutolewa lini, na kwa nini mtu anaweza kukimbia, kisha akarudi alikotoka, na asiwe amekosea.

Mke wangu aliniletea chai, nami nikamweleza mchezo kwa vikombe na bakuli la sukari.

"Sasa mwalimu," akasema, "huyu kikombe akishazunguka kote akafika kwenye bakuli, kapata nini?"

"Kapata pointi moja."

"Halafu?"

"Anarudi kukaa."

"Basi si angekaa tu tokea mwanzo."

Ndivyo alivyo. Mimi hujifunza, yeye huelewa.

Uwanja wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko nilivyokadiria. Majani yalikatwa mistari mistari, ya kijani ambayo sisi Maskati huiona kwenye mizunguko ya barabara tu, pale manispaa inapomwagilia. Palinuka vitunguu vya kukaanga na bia. Mimi nilivaa suruali, shati na kofia yangu ya viua. Mke wangu alivaa baibui na mtandio wa zambarau. Binti yetu alipata viti viwili vya pamoja kwa ajili yetu, na yeye mwenyewe akakaa safu ya nyuma, kisogoni mwetu. Kushoto kwangu palikuwa na kiti kitupu. Mwenyewe alikwenda kununua chakula na hakurudi.

Nilimweleza mke wangu kila tukio. Alisikiliza kidogo, kisha akaacha, akawa anapiga makofi pamoja na watu. Mara mbili nilimwambia kwamba anaishangilia timu isiyokuwa yetu. Akaniuliza yetu ni ipi na tangu lini. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona muda mrefu, mfuko wa bisi mapajani, akimpigia kelele kijana aliyekuwa akikimbia kama aliyemzaa yeye.

Ipo desturi moja ambayo sikuisoma, kwa sababu si sheria ya mchezo. Wachezaji wanapobadilishana nafasi, kamera hutafuta watu wawili waliokaa pamoja, mume na mke, na kuwaonyesha kwenye skrini kubwa iliyo juu ya uwanja, wamezungushiwa umbo la moyo. Uwanja mzima husubiri wabusiane. Walianza vijana wawili, watu wakapiga miluzi. Wakafuata wazee wenye mvi, wakabusiana, watu wakashangilia zaidi. Kisha nikamwona mzee mwenye kofia ya viua na mwanamke mwenye baibui, nikajiuliza hao nao wametokea wapi.

Mke wangu alituona kabla yangu. Alicheka, akaupandisha mtandio kidogo mdomoni, kisha akaninyooshea mkono wa kulia, kiganja chini, vidole vimelegea. Ndivyo mama yangu anavyotoa mkono wake tunapoingia kumwamkia, nasi tukaubusu. Kwa dakika hiyohiyo, bila kitabu, alikuwa amelipata jibu: uwanja utapata busu lake, na sisi hatutakuwa tumefanya lolote ambalo hatulifanyi mbele ya watoto wetu kila siku.

Mimi nilinyanyua kidole na kukitikisa, kama ninavyomkatalia muuza mashali wa soko la Matrah. Halafu nikahama. Niliondoka kwenye kiti changu nikakaa kile kitupu cha kushoto, nikatazama mbele, kama mtu aliyekuja peke yake.

Uwanja ulitoa mguno mmoja mrefu, kisha kicheko. Kwenye skrini mkono wa mke wangu ulikuwa bado umenyooka, na mbele yake kiti kitupu. Ulibaki hivyo kwa muda ambao kwangu mimi haujesha. Kisha akaupeleka kwenye mtandio, akaurekebisha, kana kwamba mkono tangu mwanzo ulikuwa unakwenda huko. Kamera ikahamia kwa wengine.

Nilirudi kitini kwangu. Baada ya kitambo aliniuliza pointi ngapi sasa. Nikamjibu. Hakuuliza tena jambo lolote la mchezo ule.

Binti yetu, kule nyuma, alikuwa akiirekodi skrini kwa simu tangu ilipotuonyesha. Kwa furaha aliituma ile video kwenye kundi la familia kabla hajaitazama mwenyewe. Tuliposhuka uwanja wa ndege wa Maskati, ilikuwa imeshatazamwa Sib, Matrah na kwa jamaa zetu Unguja.

Ijumaa tulikula kwa kaka yangu mkubwa, Sib. Baada ya wali aliiunganisha simu yake na televisheni.

"Mtazameni ndugu yangu!" akasema. "Marekani nzima inamwambia busu, yeye anawaambia marufuku! Tazama kidole hicho, kama trafiki!"

Vijana walicheka. Shemegi yangu mmoja alinipiga bega. "Umetusitiri, bwana. Mwengine angejisahau kule."

"Huyu hajisahau," kaka yangu akasema. "Huyu tokea mdogo ana heshima zake."

Nilitazama sahani. Ningeweza kusema jambo, na jambo lenyewe nilikuwa nalo mdomoni. Nikachukua tende. Watu waliichukulia tende ile kuwa ni unyenyekevu, nami nikawaacha waichukulie hivyo.

Dada yangu ndiye aliyeinua kichwa. "Hebu rudisha nyuma kidogo. Mkono huu wa nani?"

"Wa mkewe," kaka yangu akasema.

"Nnauona wa mkewe. Unataka nini?" Akamgeukia mke wangu, aliyekuwa anakata halua vipande kwa ajili ya watoto. "Wifi, ulikuwa unamtaka nini mume wako mbele za watu wote hao?"

Mke wangu hakuacha kukata. "Bisi," akasema. "Yeye ndiye alokuwa kaushika mfuko."

"Bisi!"

"Njaa, wifi. Mchezo wenyewe hauishi."

Walicheka mpaka kaka yangu akafuta macho. Video ikachezwa tena, na safari hii kila mtu akaona mwanamke anaomba bisi kwa mume bahili. Mimi niliona kitu kingine, kwa kuwa ni mazoea yangu kuangalia mambo madogo. Mfuko wa bisi ulikuwa mapajani mwake, mweupe juu ya baibui jeusi, kwenye televisheni kubwa, mbele ya watu wote. Hakuna aliyeuona.

Tulipotoka, mke wangu alifungua mlango wa nyuma wa gari akakaa huko. Akiwapo mama yangu hukaa nyuma, kwa kuwa mama hukaa mbele. Siku hiyo tulikuwa wawili tu.

"Mbona huko?"

"Huku nafasi kubwa."

Niliendesha mpaka tukaipita njia ya soko. "Bisi zilikuwa kwako," nikasema.

"Nnajua."

"Kwa nini ulisema vile?"

"Ulitaka nseme nini? Kwamba mume wangu kanihama?"

Nikaanza kumweleza: kwamba sikuijua desturi ile, kwamba nilishtuka, kwamba mtu wa umri wangu mbele ya umati kama ule. Maelezo yalikuwa na mpangilio mzuri. Aliyasikiliza yote, kama alivyosikiliza vikombe na bakuli.

"Sikukutaka unibusu," akasema. "Uliniacha na mkono."

Wiki nzima aliniletea chai na kuniita mwalimu, lakini kila tulipotoka alikaa nyuma. Nilikwenda naye hivyo sokoni, hospitali na kwa mama yangu, nikimwona kwenye kioo tu, kama abiria wa teksi.

Ijumaa iliyofuata kaka yangu alikuwa na wageni, majirani wawili wa zamani. Walipokwisha kunywa kahawa aliinua simu. "Ngojeni nkuonyesheni mambo ya ndugu yangu Marekani." Kidole changu kikatikisika kwenye televisheni. Wageni wakacheka. Mkono ukatokea.

"Hapo mkewe anaomba bisi," kaka yangu akawaeleza.

"Hakuwa anaomba bisi," nikasema.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Kaka yangu alisimamisha picha, mkono ukiwa palepale hewani.

"Bisi anazo mwenyewe, tazameni mapajani. Alinipa mkono niubusu, kama tunavyombusu mama. Mimi ndiye niliyekimbia."

Mmoja wa wageni alikohoa. Kaka yangu alinitazama kama nimevua kanzu mbele yao. "Haya bwana," akasema, na akaitafuta rimoti chini ya mto, ingawa ilikuwa mkononi mwake. Upande wa pili wa chumba dada yangu alimgusa mke wangu kwa kiwiko, lakini yeye alikuwa anafunika sufuria ya wali tuliyopewa twende nayo, na hakuinua macho.

Nje, kaka yangu hakutusindikiza mpaka kwenye gari kama kawaida yake. Niliwasha gari, nikasubiri. Mke wangu alifungua mlango wa nyuma. Aliweka sufuria kitini, akaisogeza isije ikamwagika, akaufunga mlango. Kisha akazunguka, akaja mbele, akafunga mkanda.

"Washa eisi," akasema. "Joto."