Mzizi Ambao Bibi Hakuutoa

Msimu ule niliamshwa kila asubuhi na harufu ya magome yakichemka kwenye chungu, kali ya kukereketa koo, ikichanganyika na ya mavi ya ng'ombe kutoka zizini. Nilikuwa na miaka kumi, pale Nyamwaga, na mguuni nilikuwa na kidonda kilichoishinda zahanati. Bibi Ghati, mama yake baba, alikipaka dawa yake, kikafunga kabla mahindi hayajachanua. Habari zikatembea. Mwishowe akaja mama mmoja mtafiti, akaomba dawa hiyo wakaipime, waone ina nini ndani kinachoponya.

Bibi alimpa kwa ukarimu wote. Alimpa magome na majani, tena ya kweli, ila unga wa mzizi mmoja aliuacha chini ya kitanda. Bila ule mzizi, alikuwa akituambia, hayo mengine ni chakula cha mbuzi. Lakini ndivyo alivyofundwa na mama yake: dawa ya ukoo mgeni hapewi nzima, na hata mjukuu haonyeshwi inapochimbwa mpaka aolewe na azae. Mimi mwenyewe niliujua ukiwa umeshasagwa tu. Yule mama aliutazama mguu wangu, akaniuliza kwa upole, "Bhoke, hii ndiyo dawa uliyopakwa, yote?"

Nilimtazama Bibi. Nikajibu, "Ndiyo, mama."

Miezi ikapita, majibu yakasomwa kwenye mkutano wa kijiji. Hakikupatikana chochote cha kuponya kidonda. Watu walicheka, hata wale waliopona mikononi mwake, na hilo sijawasamehe. Bibi angeweza kusimama akasema alificha, lakini angeitwa mwongo na siri ingemtoka hapo hapo. Alinishika mkono, tukaondoka. Njiani aliniambia tu, "Wamepima nilichowapa." Tangu siku hiyo wagonjwa walipita mlangoni pake wakielekea zahanati, na shikamoo zao zikawa za haraka haraka. Alikufa nikiwa kidato cha tatu, sijaolewa, hajanionyesha kitu. Mficha uchi hazai. Nilimpenda sana, lakini siku ya mazishi hasira yangu ilizidi huzuni.

Leo mimi ni muuguzi, naishi Turwa, na kazi yangu kubwa ni kufunga vidonda vya wenye kisukari. Tuna dawa nzuri kuliko za enzi zile, na bado kuna miguu inayotushinda. Juzi mama mmoja wa Nyakunguru alinivuta pembeni, akaniuliza kama hakuna dawa ya wazee ya kujaribu kabla mumewe hajakatwa mguu. Nilimwambia hakuna. Iko, mahali fulani kwenye vilima tunavyopita kila siku, ila aliyeijua tumeshamzika. Huenda mti wenyewe tunaukata kuni.