Tulifunga Barabara ya Haydom kwa Ajili ya Sinema

Leo nimempigia makofi mtu aliyekuwa anamkimbiza baba yake hospitali.

Tulikuwa kijijini Tumati, tunarekodi magari yakifukuzana kwenye sinema yetu ya njama. Magari yenyewe huenda taratibu tu, mbio tunaziongeza kwenye kompyuta.

Mara gari likatokea vumbini, honi mfululizo. Nikadhani ni mwigizaji wetu, nikapiga makofi. "Safi sana! Rudia!"

Dereva akatoa kichwa.

"Dada, tupishe. Mzee anazidiwa."

Gari letu lilikuwa limekingama njiani, na likagoma kuwaka. Tukalisukuma.

Mzee hakufika hospitali ya Haydom.

Jioni nimeenda msibani kuomba radhi. Mwanawe akaniuliza kama baba yake anaonekana kwenye video.

"Hatuna picha yake hata moja."

Nikaitazama video: anaonekana kwenye dirisha la gari, sekunde mbili.

Nimemtumia. Amenishukuru, jamani. Amenishukuru.