Njia ya Baiskeli Niliyoifuta Busia

Wanajeshi walipokuwa wakitawala Uganda, mimi nilikuwa mchora ramani katika ofisi ya mipango ya mji, Tororo. Nilikuwa na mke na watoto wawili. Mkuu wangu alikuwa mpima ardhi, mtu wa Kisoko, mpole, asiyeiamini ramani ya mtu ambaye hajatembea kwenye ardhi yenyewe. Tulipoagizwa kuupanga upya mji wa Busia, ulio mpakani na Kenya, alinichukua tukakaa huko wiki nzima. Kila siku tuliketi karibu na forodha tangu asubuhi, tukiandika nani anapita na anakwenda wapi.

Malori yalikuwa machache. Waliojaa barabarani ni wanawake wa vijiji vya Dabani na Masafu waliojitwika mihogo na samaki, na wanaume wa baiskeli waliovusha abiria na mizigo mpakani. Mmoja wao, mcheshi, ambaye mkewe alimshonea mto wa kukalia abiria, alitupeleka jioni mahali tulipolala. Alituambia kwamba lori likija, wao huingia mtaroni.

Tuliporudi, mkuu wangu aliliweka soko jirani na stendi ya mabasi, malori akayapa upande wa pili wa mji. Kati ya forodha na soko akaacha ukanda wa waendao kwa miguu na baiskeli, pasijengwe kitu. Niliuchora kwa wino wa kijani. Sijawahi kuchora kitu kwa furaha kama ile.

Kisha akaja afisa wa jeshi. Aliutaka ukanda huo kwa ghala lake, kwa sababu ulitazamana na forodha. Mkuu wangu alikataa kwa heshima, akamweleza watu wangapi wangekosa pa kupita. Afisa alisikiliza, akaondoka. Siku ya pili alirudi wakati mkuu hayupo, akasimama mezani kwangu, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Wewe ndiyo nachora?"

"Ndiyo, afande."

"Basi toa hii njia. Baiskeli napita na lori. Barabara ni moja."

Hakunitishia. Bastola ilikuwa kiunoni, lakini hakuigusa, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilichukua wembe nikaukwangua wino wa kijani, nikachora ghala juu yake. Haikunichukua hata saa moja.

Mkuu wangu aliporudi, aliitazama karatasi akautambua mkono wangu.

"Ungenisubiri tu," alisema. "Ningemwambia ramani imepotea, lawama ziwe zangu."

Hakutia sahihi. Wiki hiyohiyo mtu alimwonya kwamba anatafutwa, akavuka kwenda Kenya na familia yake. Ramani ikapita ikiwa na jina langu peke yake, pembeni, la aliyechora.

Ghala lilijengwa, na baiskeli zikabanana na malori. Safari iliyofuata niliyokwenda Busia, niliambiwa yule mcheshi yuko hospitali. Lori lilikuwa limembana kwenye ukuta wa ghala, likamponda mguu, nao ukakatwa. Nilikwenda kumwona. Alinipokea kwa heshima, akanishika mkono.

"Mwambie mkuu wako barabara ni nyembamba," alisema. "Yule atatusikia."

Nilimwahidi. Sikumwambia kwamba mkuu ameondoka, wala nani aliyeifuta njia.

Utawala ule ulipoanguka, nilivuka mpaka kumtafuta mkuu wangu. Nilimkuta anafundisha hesabu katika shule ya msingi. Mkewe alituandalia ugali na dagaa, nasi tukala kama zamani. Baada ya chakula nilimweleza habari za mtu wa baiskeli, nikamwomba msamaha. Alisema msamaha huo si wake kuutoa. Kisha akauliza ni mguu upi, na kama yule bwana alikuwa na watoto.

Mguu niliukumbuka, ulikuwa wa kushoto. Habari za watoto sikuwahi kumuuliza.