Posa ya Mpiga Sanduku

Mie nlikuwa mpiga sanduku. Msije mkadhani sanduku la nguo. Sanduku la chai, lile la mbao nyepesi lilokuwa likishushwa bandarini kwetu Malindi, ndani limebandikwa karatasi inayong'ara kama fedha. Unalipindua mdomo chini, unalitoboa tundu mgongoni, unapitisha mshipi wa kuvulia samaki, na ncha ya pili unaifunga kwenye fimbo. Fimbo unaisimamisha ukingoni, mguu mmoja unakanyagia juu lisikukimbie, mkono wa kushoto unavuta fimbo, wa kulia unachapa mshipi. Ukivuta, sauti inapanda. Ukilegeza, inashuka. Basi, masomo yote ndo hayo, na yalinifaa, maana skuli mie nliishia pale hesabu zilipoanza kuchanganywa na herufi.

Mchana nlikuwa mchukuzi palepale bandarini. Sanduku nlilipata huko, limepasuka pembeni, nkaliomba, nkapewa, nkaja nalo Ng'ambo kichwani kama mtu aliyepata mtoto.

Siku hizo mji wetu ulikuwa na muziki wa namna mbili. Upande wa Mji Mkongwe kulikuwa na taarabu ya viti: wazee na vijana wenye suti, fidla mstari mzima, udi, ganuni, na besi moja kubwa kama kabati. Wanakaa, wanapiga, hata kope haziwachezi. Upande wetu wa Ng'ambo kulikuwa na kidumbak. Sisi viti hatuna. Tuna fidla moja, ngoma mbili ndogo tumezipasha moto kwenye seredani ya makaa mpaka ngozi ikaze, cherewa za kutikisa, na mie na sanduku langu. Ukisharudi kutoka kusali alasiri, unasikia tu uani kwa watu, du-du-dum, unajua leo pana harusi, na harufu ya pilau inakuonyesha nyumba.

Lo, harusi zile! Wanawake wamejifunga kanga viunoni, jua bado lipo, vumbi linapanda, na mwimbaji wetu ana sauti inayosikika mpaka nyumba ya saba, anawachokoza mmoja mmoja. Hakuna aliyekaa. Anayekaa ana mgonjwa nyumbani.

Kwenye harusi moja ya hizo ndipo nlipomuona. Wenzake wote wanamtazama mpiga fidla, kijana mzuri, nywele kazitia mafuta. Yeye anatazama mguu wangu.

"Kaka," akanambia anacheza huku anapita, "hiyo ndara ina tundu. Unakanyagia nini?"

"Nnakanyagia mapenzi," nkamjibu.

"Basi mapenzi yako yanavuja."

Nkakosa mpigo. Mpiga ngoma akanitukana kwa macho.

Nkauliza, nkaambiwa ni binti wa fundi cherehani, yule anayekaa barazani kwake njia ya sokoni. Na huyu fundi si wa kutia viraka. Ndiye aliyekuwa akiwashonea suti wale wapigaji wa mjini, wote. Kwa hiyo ukitaka kujua habari za taarabu, nani kanenepa, nani kakonda, nani kagombana na nani, unakwenda kwa fundi.

Nkamtuma shangazi yangu akaniposee. Akaenda na buibui lake jipya, akarudi kakunja uso.

"Kasemaje?"

"Kwanza nipe maji."

"Shangazi, kasemaje?"

"Kaniuliza kijana wako kazi yake nini. Nkamwambia mchukuzi. Akasema vizuri, kazi ya halali hiyo. Akauliza, na jioni? Nkamwambia jioni anapiga sanduku. Mwanangu, mtu yule kacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Kasema binti yake hamuozi sanduku la chai, labda lije na sukari yake."

Na wakati ule sukari tunaipangia foleni, kwa hiyo hata mzaha wake haukuwa rahisi.

"Ndo basi?"

"Si basi. Kasema ungekuwa kama wale wa mjini, wanaokaa vitini na suti zao, mngezungumza. Lakini mtu anayesimama mguu juu kama kuku mvuani, hapana."

Kesho yake nnarudi kazini, nkapita chini ya dirisha lao. Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "We Sanduku. Yuko mwengine keshatuma watu. Karani. Baba atamjibu kabla ya mfungo."

"Huyo karani anajua kupiga nini?"

"Muhuri."

Nkacheka, lakini moyoni nlikuwa sicheki. Ramadhani haiko mbali, na mie yule msichana nlimtaka kwelikweli. Nkaona dawa ni moja: niende mjini nkapate kiti.

Bahati ikanipenda kidogo. Mpiga besi wa kilabu kimoja cha taarabu cha Mji Mkongwe kahamia Dar es Salaam, besi limebaki pembeni linakula vumbi. Nkanyoosha shati, nkapanda ngazi zao za mbao, nkavua viatu mlangoni. Ndani wamekaa kimya kama wanasubiri mtihani. Mkubwa wao, wakimwita Maalim, mzee mwembamba, kaipakata ganuni mapajani.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Unapiga nini?"

"Besi."

"Besi ya wapi?"

"Ya Ng'ambo."

Wakatazamana, lakini Maalim akasema mpeni. Nkapewa. Wakaanza, fidla zikateleza zote pamoja kama maji ya mfereji, na mie nywele zikanisimama, maana muziki wao ulikuwa mzuri, nsiseme uongo. Nlipoona zamu yangu inafika, nkafanya nlichokijua. Nkauinua mguu, nkaukanyagia tumboni kwa besi lisikimbie, nkalishika shingo kwa mkono wa kushoto, nkalivuta.

Likalia krrr.

"Mguu!" Maalim akaruka na ganuni yake. "Mguu, mwana wa watu, mguu!"

Fidla zikakatika. Mmoja akatoa leso akajifuta macho, hakuwa analia.

"Hili halivutwi," Maalim akanambia, anahema. "Hili linabonyezwa. Na mguu unakaa chini, pamoja na mwenzake."

Nkabonyeza. Mie na mshipi wangu mmoja nlikuwa mfalme, hapa kwenye nyuzi nne nkawa mpangaji. Kila nkigusa, nnagusa si penyewe. Na mwili nao haukubali.

"Tulia basi. Muziki uko mikononi, kiuno cha nini?"

"Maalim, kiuno ndicho kinachonihesabia."

Hapo hata Maalim alicheka. Akanipigapiga begani, akanambia sikio ninalo, lakini besi lile litanichukua miaka, na yeye harusi ya kupiga anayo wiki hii. Nkateremka ngazi, nkasahau kiatu kimoja, nkarudi kukichukua. Ile safari ya kurudia kiatu ndiyo ilonikata maini.

Nlijua fundi atasikia. Sikujua kama atasikia kabla mie sijafika Ng'ambo. Siku ya pili tu nnapita njia ya sokoni, nnatazama chini, nkaitwa.

"We! Sanduku!"

"Naam, Ami. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu njoo. Ati umelipanda besi la watu?"

"Sikulipanda, Ami. Nlilikanyaga tu."

Akaishika meza ya cherehani asianguke kwa kicheko. Kisha akavua miwani, akaifuta, akanitazama kama anayenipima kwa macho. "Nimewashonea watu wale miaka na miaka. Anayekanyaga muziki sijapata kumuona. Nenda kalilete hilo sanduku lako."

Nkaenda mbio. Njiani nnajiuliza, huyu anataka kunipa binti au anataka kicheko cha pili? Lakini mtu kashakataliwa, ana lipi la kupoteza? Nkarudi na sanduku kichwani, nkalipindua pale barazani.

Sasa sanduku peke yake si muziki. Hakuna fidla, hakuna ngoma, hakuna wa kuimba. Ni kama kula ndimu bila chakula. Nkakanyaga, nkavuta, nkachapa. Fundi kakunja mikono, kakaza uso. Wapita njia wakasimama. Jasho likanishuka. Mkewe akatokea ndani na mwiko, akaegemea mlango. Nkafumba macho, nkapiga kama nlivyopiga siku ile ndara yangu ilipotukanwa.

Mara nkasikia kitu chini ya sauti ya sanduku langu, taka-taka-tak, taka-taka-tak, kinanifuata sawasawa. Nkadhani masikio yangu. Nkafumbua jicho moja. Ni cherehani. Mguu wa fundi uko juu ya pedali, unakwenda nami, sindano inapanda inashuka na kitambaa hakuna. Uzi umejikunja kama kiota. Mwenyewe kakaza uso vilevile, hana habari.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "unashona nini?"

Fundi akautazama mguu wake kama si wake. "Nnajaribu mashine."

"Mashine unaijaribu kwa mabega?"

Nyuma ya pazia mtu akacheka, na kicheko kile nlikijua.

Fundi akakohoa. Akakata ule uzi taratibu, akautupa. "Mwambie shangazi yako aje tena," akasema. "Na safari hii aje na watu wazima. Na suti ntakushonea mwenyewe. Binti yangu haolewi na mtu wa kaptula."

Karani akajibiwa kabla ya mfungo, kama alivyoahidiwa. Sisi tukaoana baada ya Sikukuu.

Suti nlipoijaribu nkaona mkono wa kushoto umepwaya kwapani, unaweza ukatia kuku. "Ami, hapa pamezidi."

"Vaa, nyamaza."

Nkavaa, nkanyamaza. Siku ya harusi alinikodia wale wa mjini, na Maalim akaja na ganuni yake, wakapiga vizuri, watu wakakaa vitini. Alasiri wanawake wakachoka kukaa, wakaanza kudai kidumbak, na wenzangu walikuwa tayari uani, ngoma ziko kwenye seredani. Wakaja kuulizana: sanduku nani atapiga? Nkamtazama fundi, yaani baba mkwe. Akanionyesha uani kwa kidevu.

Nkakanyaga, nkavuta fimbo, mkono umekwenda mpaka mwisho, koti halikubana wala halikupasuka. Ndipo nlipofahamu kwa nini alinambia ninyamaze.

Chai siku hizi inakuja kwenye vipakti, hata panya hapati pa kulala. Suti bado iko kabatini, na mke wangu hataki apewe mtu. Akiianika juani, wajukuu wanaulizana babu yao alikuwa na mkono gani.